Nguo za Miaka Ijayo

Tarehe 9 Februari 1993

Mdogo wangu,

Nakusalimu wewe, na shemeji Fundi msalimie hata kama keshachoka na salamu zangu. Huku hatujambo. Mwenye nyumba amepaka rangi ukuta wa mbele, akapandisha kodi siku hiyohiyo, rangi hata haijakauka. Chiriku ameingia darasa la tatu na mdomo wake uleule. Mwalimu anamhamisha dawati kila wiki, na kila anapowekwa anafungua baraza. Mimi niko na masufuria yangu pale jikoni shuleni, macho mekundu kwa moshi.

Sasa nikupe habari. Jumamosi nimeopoa kitu. Yule muuza mitumba wa nyuma ya stendi, mwenye jino la dhahabu, alikuwa anafungua belo la nguo za watoto, na mimi nilifika kabla hajanywa chai. Usinunue kwa mtu aliyeshiba, mdogo wangu. Ana subira huyo. Nikachambua mpaka chini nikatoa gauni la bluu, kitambaa kizito, kola safi kabisa. Akataja bei. Nikacheka, nikaliweka, nikashika jingine. Akashuka. Nikageuza mshono wa ndani nikanyamaza tu, kama mtu aliyeona msiba. Akashuka tena. Nikaondoka. "Mama Shusha, rudi bwana!" Soko zima linaniita hivyo siku hizi. Nimelibeba kwa bei ya mche wa sabuni.

Tatizo moja tu, halimtoshi Chiriku. Linamfika kwenye vifundo vya miguu, anaonekana kama mama mkwe wa mtu. Si kitu, atakua. Nimelifua nikaliweka kwenye sanduku la bati, pamoja na sketi mbili za sare na viatu vyeusi vya msichana mkubwa, soli bado ina maandishi.

Tumbo linanisumbua kidogo. Labda ni maji ya huku.

Ni mimi dada yako.


Tarehe 2 Machi 1993

Dada,

Shikamoo. Barua yako nimeipata nikiwa kazini, nikaisoma nyuma ya mashine ya kukaushia ili msimamizi asinione. Nilicheka peke yangu mpaka wenzangu wakadhani mvuke umenipanda kichwani. Huku ni mashuka tu. Hoteli imepata wageni wa mkutano, tunapiga pasi tangu asubuhi mpaka miguu inavimba. Fundi hajambo, anakusalimu, yuko na mafriji yake.

Lakini dada, hivi mtoto wa miaka minane anapeleka wapi viatu vya msichana mkubwa? Rahisi ni rahisi kama kitu kinavaliwa. Mnunulie kinachomtosha. Ukiendelea hivi mwakani utaniandikia kwamba umeopoa gauni la harusi na bwana harusi nyongeza.

Halafu unajua mimi na nguo zinazomsubiri mtu. Tuyaache hayo.

Mbusu Chiriku. Hilo tumbo kalionyeshe hospitali, usinunue dawa za kwenye meza za barabarani kwa sababu tu ni bei chee. Nakujua.

Mdogo wako.


Tarehe 28 Machi 1993

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kusikia mko wazima. Mvua imeanza, paa linavuja upande wa jiko, nimetega ndoo. Chiriku anaimba wimbo alioitungia ndoo hiyo, una beti nyingi na zote ni za kunisema mimi.

Utanicheka tena. Nimenunua koti la mvua la mtu wa miaka kumi, sweta mbili, na sare ya sekondari. Ndiyo, ya sekondari. Na sidiria. Ilikuwa kwenye rundo la mwisho wa siku, lile ambalo wanachoka kulifunga na wewe unataja bei yako. Yule wa jino la dhahabu akaniangalia kifuani, akaiangalia sidiria, akasema, "Mama Shusha, hii haikutoshi hata bega." Nikamwambia ni ya binti yangu. Akauliza, "Kwani una mabinti wangapi? Kila wiki saizi nyingine." Nikasema wanne. Nimetembea nao njia nzima, mabinti wangu wanne, nikifikiria nani anapenda nini.

Nimeanza kuchoka mapema. Jikoni wananibebea masufuria bila kuwaomba.

Nikuulize kitu. Nyumba yenu ile ya vyumba viwili, kile cha pili mnakitumia?

Dada.


Tarehe 19 Aprili 1993

Dada,

Shikamoo. Sisi wazima. Samahani kwa kuchelewa, kazi nyingi.

Chumba cha pili kimejaa vyuma vya Fundi, mafriji mabovu mpaka dirishani. Kwa nini unauliza?

Na sidiria, dada? Hii siyo kuopoa tena. Nilikuwa nacheka, sasa sicheki. Ukipunguza maneno ya soko barua yako ina mistari miwili tu, umechoka na unabebewa sufuria. Wewe uliyekuwa unafukuza kila mtu kwenye sufuria zako! Nenda hospitali. Ile ya serikali, usimame foleni kama watu, kisha uniandikie walichosema. Usiniandikie bei.

Mdogo wako.


Tarehe 6 Mei 1993

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeshika kalamu mchana, Chiriku yuko shule.

Hospitali nilikwenda. Nilikwenda mwishoni mwa Januari, kabla ya gauni la bluu. Ni uvimbe kwenye kizazi, na umeshatembea mpaka mahali wasikoweza kuufuata. Daktari ni kijana mpole. Aliniuliza kwa nini nilikaa muda wote ule nikitokwa damu bila kuja. Nikamwambia nilikuwa nasubiri bei ishuke. Alicheka kidogo, kisha akainamisha kichwa, nikaona aibu kumchekesha mtoto wa watu wakati ule. Lakini nilikuwa nasema kweli. Kila nilipopanga kwenda, niliona kuna kitu cha kununua kwanza, na maumivu yenyewe yalikuwa yanakuja na kuondoka, nikajiambia mwezi ujao.

Alisema mwaka huu. Hakusema mwezi, na mimi sikumbana.

Siku chache baadaye, ile Jumamosi, nilipita sokoni, miguu tu ilinipeleka, na pale kwenye belo nikaliona lile gauni. Nikawaza, akifika miaka kumi atalivaa, na nani atakuwa amemnunulia? Nikalinunua. Basi kila Jumamosi nimekuwa nikimlea mwaka mmoja zaidi. Nimefika kumi na sita.

Sasa jambo lenyewe. Shemeji yangu, mdogo wa marehemu baba Chiriku, alikuja kunitazama. Nani alimwambia sijui. Ile nyumba yake ya wageni imekua, ina vyumba juu na chini. Alikaa kitini, hakuniangalia mimi sana. Alimwangalia mtoto. Akamwambia simama, geuka, akamwuliza, "Unaweza kufua? Ndoo unabeba hii kubwa?" Kisha akaniambia nisiwe na wasiwasi, damu ya kaka yake haiwezi kupotea. Mdogo wangu, mimi ni mnunuzi. Nimesimama juu ya mabelo maisha yangu yote, namjua mtu anayegeuza kitu kutafuta mshono. Yule alikuwa anatafuta mfanyakazi wa bure.

Ninakuomba umchukue wewe. Fundi atoe vyuma vyake. Mwambie nitamwombea.

Chiriku hajui. Anajua tumbo.

Dada yako.


Tarehe 17 Juni 1993

Mdogo wangu,

Natumaini barua ya Mei umeipata. Posta huku wanasema hakuna kilichopotea.

Kazi nimeacha. Walinifanyia karamu ndogo ya chai, mpishi mwenzangu akalia ndani ya sufuria.

Juzi nilikwenda kwa seremala. Sitaki shemeji aje akope jeneza kwa jina langu kisha amfanye mtoto alilipe kwa kufua. Nilikuta moja la mbao nyepesi, mtu aliagiza akapona. Seremala akataja bei ya mbao ngumu. Nikamwambia, "Bwana seremala, hili limeshakataliwa na mwenyewe." Akasema, "Mama, watu huwa hawapunguziwi hizi." Nikasema, "Kwa sababu wanaonunua wanalia. Mimi silii, na atakayelala humo ni mimi, nipunguzie." Akaweka randa chini. Akashuka mpaka nusu, na yeye ndiye aliyelia. Amenihifadhia kwenye banda lake, analala paka ndani.

Nimekuandikia hili ujue kwamba sina mzaha. Kama jibu ni hapana, andika hapana. Mwezi mzima na zaidi nakwenda posta nikishika ukuta. Karani ananiona mlangoni anatikisa kichwa kabla sijafika dirishani. Shemeji amerudi mara ya pili, amekuja na soda kwa ajili ya mtoto.

Dada.


Tarehe 5 Julai 1993

Dada yangu,

Shikamoo. Nilianza kukuandikia mara nyingi, karatasi zote nimezichana.

Vyumba viwili havipo. Fundi aliondoka mwaka jana kabla ya mvua za vuli, akahamia kwa mwanamke mwenye duka la vipuri. Alichukua kitanda, friji na hata pazia. Salamu zote nilizokuletea kutoka kwake nilikuwa nazitunga mwenyewe. Mimi nakaa chumba kimoja na dobi mwenzangu, tumegawana kwa kamba na shuka la hoteli lililochanika. Ulipouliza chumba cha pili nilikijaza mafriji kwa sababu sikuwa na nguvu ya kusema hakipo. Halafu ikaja barua ya Mei. Nikaisoma nyuma ya mashine, nikaenda kupiga pasi, nikaunguza shuka tatu, nikakatwa mshahara. Kila nikitaka kuandika "ndiyo" nakiona chumba. Nikitaka kuandika "hapana" nakuona wewe. Nikanyamaza, na nimekufanya utembee mpaka posta na maumivu yale.

Kuna jingine ambalo hatukuwahi kulisema. Nilipokuwa na mimba yangu uliniletea kifurushi, vijisoksi, kofia, blanketi la njano, vyote ulivipata kwa bei ya kutupa, ulikuwa na furaha kuliko mimi. Mtoto hakufika. Wewe ulirudi kwako, mimi nikabaki na vile vitu, na Fundi ananiambia nivigawe na mimi siwezi. Ndiyo maana uliponiandikia kuhusu gauni la bluu nilikasirika hata kabla ya kujua kwa nini unalinunua.

Dobi mwenzangu nimemweleza. Amesema, "Mtoto mmoja mwembamba, tutamweka wapi asipoenea?" Kwa hiyo jibu ni ndiyo. Nakuja kumchukua shule zikifungwa.

Mdogo wako.


Tarehe 20 Julai 1993

Mdogo wangu,

Marahaba, marahaba. Nimeisoma kwenye ngazi za posta. Nilikaa pale mpaka karani akatoka kuuliza kama nimeanguka.

Ya Fundi nitayasema ukifika, kwa sauti. Ya kifurushi sijui niseme nini. Nilidhani nakupa furaha.

Chumba kimoja kinatosha. Njoo umchukue nikiwa bado nasimama, wala usingoje nife. Mwandikishe shule huko mara moja, jina lako kwenye daftari la shule. Shemeji namjua, mtoto akiwa karibu atamvuta, lakini akiwa mbali hatapanda basi kumfuata. Ni bahili kuliko mimi, na yeye hana hata raha ya kuchagua.

Sanduku mtaondoka nalo.

Dada.


Tarehe 24 Agosti 1993

Dada,

Shikamoo. Tulifika salama. Sanduku kondakta alitaka kulitoza kama abiria, nikabishana naye mpaka akachoka, ungekuwepo ungenipa alama nzuri. Shule amepata, ni ng'ambo ya barabara tu kutoka hotelini. Anakula. Dobi mwenzangu anampenda, anamsuka kila Jumapili.

Lakini sitakuficha kitu tena, tumeshajua kufichana kunakotupeleka. Haongei. Ukimwuliza anajibu, ndiyo, hapana, asante. Usiku analowesha kitanda, asubuhi ananiomba radhi kama mgeni.

Na nguo hataki. Ile kijani aliyokuja nayo imembana, mkono mmoja umefumuka, nimeshona mara mbili. Jana nikafungua sanduku, nikatoa lile gauni la bluu, nikasema nitakunja pindo. Akaruka nyuma kama nimetoa nyoka. Akakaa juu ya sanduku, akasema lifungwe. Nikamwambia, "Mama yako amekuchagulia kwa mapenzi." Akasema, "Najua. Zimepangwa. Ya bluu, halafu ya koti, halafu ile ya sekondari, halafu zinaisha." Nikauliza kwa hiyo? Akasema, "Mama alipanga zote bila yeye. Nikivaa ya kwanza ndiyo naanza kukaa bila yeye."

Nikatoka nje nikasimama kwenye kamba za mashuka.

Nani alimwambia? Mimi sikumwambia.

Mdogo wako.


Tarehe 8 Septemba 1993

Mdogo wangu,

Marahaba. Naandika nimelala, mistari inapanda, usinicheke.

Hakuna aliyemwambia. Alikuwa ananisaidia kukunja. Mimi nilikuwa namwona mtoto, yeye alikuwa anahesabu saizi.

Nimelala na barua yako siku nzima. Nimekumbuka kila kitu kilichomo kwenye lile sanduku, bei yake na nilivyoishusha. Hakuna hata kimoja cha mtoto wa miaka minane. Nilipita kwenye belo nikiziruka saizi zake, nikiona zitamvalisha miezi michache tu, hasara. Ile kijani ilikuwa inambana tangu Machi. Nilikuwa naiona.

Fanya hivi. Umpeleke dukani, duka la kioo, lenye vibandiko vya bei. Achague mwenyewe gauni la kumtosha leo. Usimwambie atakua. Lipa kilichoandikwa, usimbembeleze mtu. Nimekutumia kwa mkono wa dereva wa basi ile pesa niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya matanga. Watu wanywe maji.

Kisha mlete. Siku mnaondoka nilikuambia asirudi huku, nimekosea. Mlete nimwone nalo. Pandeni basi la haraka.

Dada.


Tarehe 2 Oktoba 1993

Mdogo wangu,

Mmeondoka jana, na chumba kimekuwa kikubwa. Jirani ndiye anayeniandikia, mimi nasema tu, kwa hiyo kama kuna neno zuri ni lake.

Jana sikukuambia kwa sababu mtoto alikuwepo. Lile gauni umeibiwa. Kitambaa ni chepesi, nilikishika wakati amelala kifuani kwangu, nikageuza mshono, ni mmoja tu tena wa haraka. Ile rangi ya chungwa itatoka kwenye maji ya pili, na zile riboni za mabegani hazina kazi yoyote duniani. Kwa bei ile ningekupa magauni matano na mkanda nyongeza. Jirani anacheka, anasema nimeanza.

Lakini alipozunguka nalo hapa kati ya kitanda na dirisha, likafunguka lote, mpaka likagusa ukuta wa huku na wa huku, nililipenda kuliko kitu chochote nilichowahi kununua. Alizunguka mpaka akaanguka. Akaniambia lina riboni mbili, na dukani kulikuwa na lingine la riboni tatu lakini la kiuno kikubwa, na mwenye duka ana kikohozi, na wewe ulishika pochi kama mtu anayeibiwa, na barabarani mliona mbuzi juu ya gari. Alisema yote hayo bila kupumua. Nilifumba macho nimsikilize, akadhani nimelala, akashusha sauti akaendelea kuniambia hivyohivyo.

Aliponiuliza kama nakufa nilimwambia ndiyo. Ulikuwa nje unateka maji. Akauliza, "Na shangazi wa kamba atabaki?" Huyo ni dobi mwenzako. Nikasema atabaki, na mama mdogo atabaki. Akauliza kama unajua kupika. Nikamdanganya.

Zile za sandukuni usimsukume. Siku akifungua mwenyewe, sawa. Asipofungua, wape wenye watoto. Wala usiziuze, utaziuza kwa hasara, hujui kusimama kwenye bei.

Shemeji amekuja leo asubuhi. Nikamwambia mtoto yuko kwako na anasoma huko. Akauliza nauli ni kiasi gani. Nikamtajia ile ya basi la haraka, kwenda na kurudi, nikaongeza kidogo. Akaangalia saa. Hatakuja.

Maumivu yamepanda. Muuguzi anapita asubuhi na jioni na sindano, halipi mtu, ni ya serikali. Ndicho kitu pekee nilichowahi kupewa bure bila kukigeuza nione kasoro.

Barua hii usiijibu. Hiyo pesa ya stempu mnunulie kitu chochote kisicho na kazi.

Dada yako.